Mkono Mmoja wa Kumlisha Karani

Siku ya kwanza kazini sikupewa mbwa. Nilipewa sufuria.

Nilikuwa nimetoka Machakos, nimeshuka Lodwar na vumbi la njia nzima likiwa limekaa kwenye nyusi, na moyoni nilikuwa nimejiandaa kushika kamba ya mbwa mkubwa mwenye meno. Kampuni yetu ya ulinzi, ambayo siku hizi haipo tena, ilikuwa na ua wa mbwa karibu na mto Turkwel, chini ya miti ya mikoma. Mkufunzi Mkuu alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyetembea kana kwamba bado kuna mtu anamhesabia hatua. Alinitazama viatu kwanza, kisha uso, kisha akaniongoza jikoni.

"Unajua kupika, Mwende?"

"Najua, afande. Lakini nilikuja kufundisha mbwa."

"Basi anza kufundisha," akasema, akanikabidhi mwiko.

Ninyi mnaoianza kazi hii leo mnaletewa chakula kikavu kwenye mifuko, na sisemi ni kibaya. Sisi tulipika. Vichwa vya mbuzi na matumbo yaliyooshwa vilichemshwa mpaka nyama ikaachana na mfupa, mifupa yote ikatolewa kwa sababu mfupa uliopikwa hupasuka kama kioo na kumchana mbwa utumbo, kisha tukakoroga unga wa mahindi. Chumvi hapana. Maini ndiyo yaliyokaguliwa kuliko vyote. Ini lenye malengelenge ya maji halikuingia sufuriani. Lilichomwa shimoni mpaka likawa majivu, maana ndani yake mna mbegu za mnyoo. Mbwa akilila, mnyoo humkulia tumboni na mayai yake hutoka na mavi. Yakimfikia mtu, humjengea uvimbe wa maji unaokua miaka mingi bila kumuuma. Turkana nzima inaujua ugonjwa huo. Kwa hiyo tulichemsha, tukachoma, na kila baada ya wiki sita tukawapa mbwa dawa ya minyoo. Jambo hilo likumbukeni, nitalirudia.

Karani alizaliwa katika ua ule. Mama yake, mbwa wa Kibelgiji mwembamba mwenye uso mweusi, alikauka maziwa, na watoto wake wakagawanywa kwetu kama yatima. Wangu nilimnywesha kwa chupa, nimemweka mapajani, tumbo lake likipiga kama saa. Alipofumbua macho alikuwa na tabia ya kukaa ameunganisha miguu ya mbele, akimsubiri kila anayepita, kama karani aliyesogezewa kiti nyuma ya meza. Jina likaja lenyewe.

Mbwa wa kazi hufundishwa kwa kucheza kabla hajafundishwa kwa amri. Nilimfichia kitambaa, akakitafuta. Alipokua nilimvalisha mshipi wa kifuani, akajifunza kwamba ukivaliwa, kuna kazi, na ukivuliwa, yeye ni mbwa tu. Alijifunza kung'ata mkono bandia wa gunia na, lililo gumu zaidi, kuuachia. Mazoezi yote yalikuwa alfajiri. Jua likishapanda, niliweka mgongo wa kiganja changu juu ya mchanga. Nikishindwa kuuacha pale, mbwa hatembei, hata kama meneja mwenyewe amesimama anasubiri maonyesho. Mkononi mwangu bado kuna ngozi ngumu ya kupima mchanga, na sijui kama nitapenda siku itakapolainika.

Somo la mwisho liliitwa kukataa chakula. Mbwa wetu walilinda maghala ya nafaka, na wezi wa maghala hawapigani na mbwa. Humtupia nyama yenye sumu kutoka nje ya uzio. Hivyo mbwa alifundishwa kutokula kitu cha chini, wala cha mkono wa mgeni. Tuliwaleta wachuuzi wa sokoni, makondakta, walimu, wanaume na wanawake, kila mmoja na kipande cha nyama kilichopakwa pilipili. Karani alijifunza upesi kuliko wote. Baada ya muda alikuwa akigeuza uso taratibu, kama mtu anayekuonea haya kwa niaba yako. Chakula alikipokea kwangu tu, na kwangu pia alisubiri nitamke neno la ruhusa: "Pokea."

Niliwahi kumuuliza Mkufunzi Mkuu kama si busara mbwa azoee watu wawili.

"Mkono mmoja," akasema. "Mbwa wa mikono miwili kesho ni wa mikono kumi."

Tulihamishiwa Kakuma, mimi na Karani. Ghala letu lilikuwa pembeni mwa mji, mabati na waya, na upepo uliokuwa ukibadilisha mahali pa mchanga kila siku. Mlinzi mwenzangu alikuwa Deng, Msudani Kusini aliyekulia kambi ya wakimbizi, mrefu kiasi kwamba aliinama hata kwenye milango isiyomgusa. Alikuwa mwimbaji kanisani kwake na alimwimbia Karani nyimbo za ibada akifagia banda. Karani alimpenda. Akamlalia miguuni, akamlamba masikio. Ila kula kwake, hapana.

Mpishi wetu alikuwa Nakiru, mwanamke wa Kiturkana wa hapo hapo, na mwanawe mdogo Ekuwam alikuwa ubavuni mwake siku zote. Jina hilo maana yake ni upepo, na mtoto alistahili, kwa kuwa ukimweka hapa unamkuta kule. Nakiru alikuja kila asubuhi, akasalimu "ejok," akaweka sufuria, akatazama banda langu na kunicheka.

"Mama, hii mbwa yako iko na kazi gani?"

"Analinda ghala."

"Ghala iko na ukuta na Deng. Kwetu mbwa ni yaya. Mtoto akijichafua, mbwa inaosha. Mtoto akilala, mbwa inalala hapo. Yako inakaa tu kama chifu."

"Yangu haigusi mtoto, Nakiru. Na wewe uache kuwapa mbwa watoto wawalambe. Nimekwambia habari ya mnyoo."

"Umeniambia mpaka mnyoo yenyewe imechoka kusikia," akasema.

Hata hivyo alianza kumwosha Ekuwam mikono kwa sabuni, nami niliona bila kusema kitu. Na sheria yangu alikuwa ameishika: mtoto hakusogea bandani.

Kisha tumbo langu likaanza kujaa upande wa kulia. Nilidhani ni unene wa uzee. Hospitali ya Lodwar walinipima kwa mashine ya picha, na daktari akanionyesha duara jeusi kwenye ini, zuri kama mwezi uliopatwa. Ulikuwa ule uvimbe wa maji. Nilikuwa nimeubeba miaka mingi, labda tangu nilipokuwa nikizunguka manyatta, maboma ya wafugaji, kutafuta mbwa wa kuzalisha, nikiwashika na kula bila maji ya kunawa. Nilipasuliwa. Nilipoamka, muuguzi wa wodi alikuwa ananirekebishia shuka.

"Sasa mama, mambo ya mbwa yaishe," akasema kwa upole.

Simu ya Deng ilikuja siku iliyofuata.

"Madam, umepona?"

"Ninapona. Karani?"

"Anakunywa maji. Chakula anakataa. Tangu uende."

Alikuwa amenificha habari hiyo wakati nikingoja upasuaji. Alikuwa amevaa koti langu akampelekea bakuli, amekaa chini naye, amemwimbia, ameondoka akaliacha bakuli. Karani alikuwa akigeuza uso taratibu, jinsi nilivyomfundisha.

"Weka simu kwa sauti kubwa," nikamwambia. Nilisikia upepo wa Kakuma. Nikaita, "Karani. Pokea."

"Ameamka, Madam," Deng akasema. "Anakutafuta. Amezunguka banda lote. Sasa ameenda langoni."

Ule ndio ulikuwa ujanja wangu, na ulitupeleka pabaya zaidi. Karani alibaki langoni juani, hakutaka tena kivuli wala kitu kingine. Hatukupiga simu mbele yake tena. Kumleta Lodwar haikuwezekana, kwani mvua ilikuwa imenyesha milimani, laga, mito ya msimu, zimejaa, na maji yameikata barabara.

Mkufunzi Mkuu alikuja wodini na kofia mkononi. Alikaa kitini bila kuegemea.

"Mbavu zake zikoje?" akauliza.

"Deng anasema zinahesabika."

"Nimefundisha mbwa maisha yangu yote," akasema. "Sijawahi kuomba mmoja wao awe mjinga."

Asubuhi yake Deng akapiga simu tena, lakini sauti iliyozungumza ilikuwa ya Nakiru.

"Mama, nakuuliza. Hao watu wote ulileta na nyama ya pilipili, kulikuwa na mtoto?"

"Mtoto? Hapana. Walikuwa watu wazima."

"Basi mbwa haijafundishwa kukataa mtoto."

Nilielewa kabla hajamaliza. "Hapana, Nakiru. Nimelala hapa nimeshonwa kwa sababu ya mbwa. Hapana."

"Hiyo ilikuwa mbwa ya manyatta. Hii ni wewe unasema iko safi kutushinda. Dawa ilikula lini?"

"Asubuhi niliyoondoka. Mkononi mwangu."

"Na ini mbichi imekula lini?"

"Hajawahi."

"Sasa wewe unaogopa nini?"

Nilikuwa naogopa mambo mawili. Niliogopa meno yaliyofunzwa kung'ata, karibu na mkono wa mtoto aliyezoea kuvuta masikio ya kila kitu. Niliogopa pia simu ya kesho, Deng akitafuta namna ya kuniambia. Nikasema sitaki mtoto wa mtu awe gharama ya mbwa wangu.

"Mtoto ni wangu, mbwa ni yako," Nakiru akasema. "Mimi juu ya wangu nimeamua. Wewe amua juu ya yako."

Nikamwambia Deng amvue Karani mshipi wa kifuani, ajue hayuko kazini. Amshike kola, akae ubavuni mwake, na mama amshike mtoto kiunoni, asimwachilie hata kidogo. Nikawaambia sauti yangu isisikike, Karani asije akaenda tena langoni. Nikaweka kiganja juu ya mdomo. Wa kitanda cha pili wakaacha mazungumzo yao.

Nakiru alikuwa amempaka Ekuwam uji wa unga mikononi mpaka kwenye viwiko. Deng alininong'onezea kila kitu. Mtoto amefika. Karani amegeuza uso. Mtoto anacheka, anapiga magoti yake kwa viganja vyenye uji. Karani ametazama lango. Ametazama mtoto.

Kisha Deng akanyamaza, nikadhani simu imekatika. Nikasikia ulimi. Sauti ile, mkilishwa na kazi hii mtaijua: maji kidogo, mkwaruzo kidogo, na pumzi ya pua katikati. Juu yake kulikuwa na kicheko cha mtoto anayetekenywa.

"Amelamba mkono," Deng akasema, na sauti yake ya kanisani ilikuwa imepotea. "Sasa mtoto ameingiza mkono kwa bakuli. Anampa, Madam. Anampa na anachukua."

Muuguzi alinikuta nalia na kujizuia nisicheke, kwa sababu ya mshono.

Nakiru alimwosha Ekuwam kwa sabuni kila baada ya mlo, nami nikiwa Lodwar niliomba mtoto apimwe kliniki, akapimwa, na kwa miaka yote iliyofuata akawa mzima. Nawaambia hivi msije mkaiga bila kujua. Mbwa yule alikuwa amechemshiwa kila kipande cha nyama tangu achishwe chupa, na bado sikulala vizuri mpaka majibu ya kliniki yalipokuja.

Barabara ilipofunguka Mkufunzi Mkuu alinirudisha Kakuma kwa gari lake. Karani alikuwa mifupa na macho. Alinijia taratibu, akaweka paji la uso gotini kwangu, akabaki hapo. Mkufunzi Mkuu alimjaribu kwa nyama, yeye mwenyewe, mtu aliyemjua tangu kuzaliwa. Karani akageuza uso. Halafu Ekuwam akaja na kipande cha ugali, akakiingiza kinywani mwa mbwa kama mtu anayetia barua posta. Mkufunzi Mkuu akavua kofia, akajikuna kichwa.

"Tutafundisha upya," akasema. "Mbwa wote."

Tangu siku ile tukawa na zoezi tuliloliita kukabidhi mkono. Mlezi anaweka chakula kwenye kiganja cha mtu wa pili, anaweka kiganja chake chini ya kile, wanalisha pamoja. Siku baada ya siku anashusha mkono wake kidogo, mpaka siku moja hauko. Deng alikuwa wa kwanza kukabidhiwa. Karani alizeeka akila kwa Deng, kwangu na kwa Ekuwam, na kwa mwingine yeyote hakuwahi kula. Alipokufa tulimzika ukingoni mwa laga na tukampangia mawe juu. Ekuwam, aliyekuwa ameshaanza shule, alibeba makubwa na kukataa kusaidiwa.

Mimi nimestaafu sasa. Naishi Nawoitorong, karibu na Lodwar, na asubuhi bado naamka kabla ya jua, mkono unatafuta mwiko. Watu huniuliza nilijivunia mbwa gani zaidi, wakidhani nitamtaja Karani. Nampenda Karani. Lakini namkumbuka mbwa wangu wa mwisho, jike mdogo niliyemlea kwa chupa kama yeye, na siku yangu ya mwisho kazini, nilipomkabidhi kwa msichana mgeni kazini.

Nilimwekea msichana nyama kiganjani. Nikaweka changu chini yake. "Sema wewe," nikamwambia.

"Pokea," akasema.

Mbwa akala. Nikashusha mkono wangu, nikausogeza, nikautia mfukoni. Nikasubiri ainue kichwa anitafute, na sitaficha kwamba moyo wangu ulikuwa ukimwomba ainue.

Hakuinua. Aliendelea kula, mkia ukienda huku na huku, mpaka kiganja cha msichana kikawa kitupu na safi.