Karani Aliyetutafutia Jamaa

Mwaka wa hamsini na tatu nilipiga foleni siku tatu pale Nakuru, nikimtazama karani aliyetutafutia jamaa wa kutupokea, sisi Wakikuyu tuliofukuzwa kwenye mashamba ya wazungu. Kabla ya kila jina alifuta nibu ya kalamu yake kwa kitambaa. "Baba yako nani? Babu yako?" aliuliza kwa upole wa mtu aliyekuja kuposa. Alipekua daftari mpaka apate ukoo wenye majina hayo, akakuandikia kadi ya kijiji. Asiye na jamaa alipelekwa kambini, ndani ya seng'enge. Karani mwenzake, aliyekuwa ameficha kwamba ni Mkikuyu, alitambuliwa na mjomba wake kwenye foleni, wakapandishwa lori wote wawili.

Siku ya tatu, mama mzee mbele yangu alitaja jina la baba yake, akamkazia karani macho, akacheka. "Si wewe ni mtoto wa ndugu yangu? Ulipewa jina la baba yangu!" Karani akamtupia jicho afisa mzungu. Akafuta nibu, akaifuta tena. Daftari hakulifungua. Nilimwona akiandika kwenye kadi: Hana jamaa. Mama hakujua kusoma. Aliipokea kadi kwa mikono miwili, akamtemea mate kiganjani kumbariki, kama wazee wetu wafanyavyo. Karani akafuta nibu; kiganja hakukifuta. "Babu yako nani?" akaniuliza, kwa upole uleule.