Matabishi ya Lengalenga

Siku ya kwanza Maman Eulalie aliposhuka kwa mzee wa bustani pale kando ya ziwa, alinunua lengalenga, ule mchicha wa huko, akaacha kikapu wazi akingoja matabishi, ile nyongeza ambayo kila muuzaji wa Bukavu humtupia mteja wake. Mzee hakutupa hata jani. "Matabishi ilikwisha, maman." "Ilikwisha namna gani, papa, na bustani inajaa?" Akacheka, akarudi kumwagilia.

Kiangazi kilipokolea na mashamba ya Mumosho yakawa vumbi, kwake tu ndiko mboga zilikobaki kijani. Eulalie, aliyekuwa na meza tupu sokoni, akarudi alfajiri amejipanga kumbana apunguze bei. Alimkuta ndani ya ukungu, akitembea kama mtu apitaye kati ya watoto waliolala, kucha nyeusi kwa udongo, mkononi kopo lililotobolewa. Alimaliza kumwagilia tuta zima, kisha akarudi mwanzo, akaupa kila mche kiganja kingine cha maji, akinong'ona: "Na matabishi yako. Na yako." Sauti ile ilimlegeza Eulalie kama usingizi. Mzee alipofika mwisho wa tuta, akakuta miguu ya Eulalie yenye vumbi, akaimwagia kiganja kimoja. "Na wewe, maman. Usiseme sikukupatia."

"Eh, papa! Mimi niko lengalenga?"

Eulalie alipanda mlima na kikapu kizito, ndala zikilia maji. Barabarani ndipo alipozinduka: amelipa bei ya mzee bila kuipunguza. Mzee alikuwa amepoteza kiganja kimoja tu cha maji.