Unga wa Matanga ya Mtu Hai

Harufu ya unga mpya wa muhogo, ule unaotoka mashineni ukiwa bado na joto, inanipandisha hasira hadi leo. Juzi mwanangu alirudi kutoka dukani hapa Arua mfuko umemmwagikia kifuani, na mara moja nikawa Abuku tena, nina miaka tisa, nimejificha nyuma ya jiko kwa aibu.

Bibi, mama yake baba, alikuwa na kansa. Kabla sista wa hospisi, wale wanaowatuliza wagonjwa wasiopona, hajaanza kutujia na pikipiki yake, bibi alikuwa akilia kwa maumivu mpaka mbuzi wanavuta kamba. Sista akaleta dawa ya maji, ya kijani, ndani ya chupa ya plastiki. Siku ya tatu bibi aliamka akamwambia mama, mkwewe, kwamba ana miguu ya kuku wa mjini na uji wake una mabonge. Tukajua dawa inafanya kazi.

Halafu sista akasema pesa ya mafuta ya pikipiki imekwisha. Hospisi iliandaa marathoni, kutoka upande wetu wa Koboko kuelekea Arua. Kila mkimbiaji atafute watu wa kumchangia. Mama akajiandikisha. Mama, ambaye mbio zake zote zilikuwa za kukimbiza kuku! Alizunguka kijiji kizima na karatasi, na jibu likawa lile lile: "Pole sana, Mama Abuku. Tutakuja kwenye matanga." Nawaambieni, watu wetu ni wakarimu sana kwa maiti.

Hakubishana. Kesho yake asubuhi alifunga kitenge kiunoni, akavaa raba za baba, akaenda kufanya mazoezi. Sasa, kwetu mwanamke mzima hakimbii barabarani bure. Akikimbia asubuhi, na kwake kuna mgonjwa, habari ni moja tu: mgonjwa amekufa. Aliyemwona wa kwanza alipiga yowe, wa pili akalipokea, na kabla mama hajarudi uwanja wetu ulikuwa umejaa mikeka, kuni, beseni za unga wa muhogo, na wanawake wanaojitupa chini. Mimi nikakimbilia nyuma ya jiko.

Bibi akatoka, ameshika ukuta. "Nani amekufa hapa? Mimi bado iko!"

Mzee mmoja akakohoa. Jirani yetu Mama Poni, aliyelia kuliko wote, akajipangusa vumbi, akajitwika tena beseni lake. Ndipo mama akaingia, jasho linamtiririka, akamzibia njia.

"Weka chini."

"Lakini mutu hajakufa!"

"Kwani maiti inakula? Huyu ndiye anakula. Weka chini."

Bibi alicheka mpaka akakaa. Mama Poni akaweka, na wengine wakaacha vyao. Mama akauuza unga ule sokoni Koboko, na huo ndio ukawa mchango wake.

Siku ya mbio alifika wa mwisho kabisa, waandaaji wameshaanza kukunja turubai. Akarudishwa kwa pikapu, hawezi kukanyaga. Bibi akaniagiza maji ya moto na chumvi, akaiosha miguu ile kwa mikono yake iliyobaki mifupa. Mama mkwe huyo!

"Hata hivyo," akasema, "ulikuwa wa mwisho."

Pikipiki ya sista ikaendelea kuja. Bibi alikufa asubuhi moja, baada ya mavuno, bila kulia hata mara moja. Mama alifunga kitenge chake akaenda kutoa habari akitembea, polepole, kama mtu anayekwenda kuteka maji. Mama Poni hakumwamini. Hata mimi nilimkasirikia: mbona hakimbii? Hana uchungu?

Leo nina watoto wangu, nimeuguza, na nimewaona watu wakifika na magunia wakati mgonjwa hahitaji tena hata kijiko cha uji. Hasira yangu imemtoka mama, imewaendea hao. Siku bibi alipokufa, mama hakuwa na sababu ya kukimbia. Alishakimbia wakati bibi bado anaweza kuumia.