Hesabu Chini ya Nguo

Enzi za Mjerumani mimi sikusoma, wajukuu zangu, lakini niliyaona haya nikipita na ndizi zangu. Watoto walifundishwa hesabu nje, kando ya njia. Mwalimu, mgeni wa pwani, akamsimamisha binti aliyekwisha kuchumbiwa.

"Saba mara tatu?"

Mara baba mkwe wake akatokea njiani. Kwetu mkwe haonani na baba mkwe, basi binti akajitupa chini, akajifunika nguo gubigubi.

Mwalimu akainua fimbo. "Unakimbia hesabu?"

"Ishirini na moja, mwalimu," akajibu mlemle ndani. "Ila kusimama siwezi."

Mzee akasikia, akageuka. Tangu siku ile alizungukia matopeni. Wenzake wakamcheka, "Njia huioni?"

"Naiona. Mkwe wangu anasoma pale."