Uzi wa Fidla Uliokatika

Kafara ya kiapo nimeshatoa. Masikini kumi wamekula kwangu wakashiba, wakaniombea dua, na bado nikipita barazani kwetu Tibirinzi natazama chini. Basi nieleze, labda kitatoka kidogo.

Baraza yetu ni ya wapenzi wa kundi moja la Unguja linalopiga jazi iliyochanganywa na taarabu. Tunakutana nje ya duka la fundi simu baada ya sala ya alasiri, tunaweka nyimbo kwenye spika yake, kisha tunabishana. Mwalimu mmoja wa skuli, mtu wa Bara anayepiga gitaa kanisani, hushikilia kwamba nyimbo zao za mwanzo ndizo zenye roho, kabla hawajaingiza kinanda cha umeme. Mimi nikimwambia, "Aliyewasikia kwenye simu hajawasikia. Hawa waone jukwaani." Watu hunyamaza, maana mimi ndiye niliyehudhuria onyesho lao la kwanza kabisa, kule Unguja.

Ndivyo nilivyowaambia. Ukweli, siku hiyo nilikuwa nyumbani kwangu hapa Chake, Pemba, napara samaki. Habari za onyesho alinihadithia binamu yangu, nikazivaa kama kanzu ya kuazima, na kwa miaka hakuna aliyeuliza nimeitoa wapi.

Kukawa na mzee mmoja wa Mtambile, mkulima wa karafuu, aliyekuja Chake kila mwezi kupima presha. Akitoka kupima, hupita kukaa nasi. Siku moja ukapigwa ule wimbo wao wa taratibu usio na maneno, katika zile za mwanzo. Mzee akatabasamu.

"Huu ndio waliofungulia siku ya kwanza," akasema. "Mke wangu alikuwa kalazwa Unguja. Nikatoka hospitali kunyoosha miguu, nikasikia muziki, nikaingia. Katikati uzi wa fidla ukakatika, yule kijana akaumaliza wimbo kwa nyuzi tatu."

Binamu yangu hakuniambia habari ya uzi. Masikio yakaniwaka. Nikasema hakuna uzi uliokatika, na walifungulia wimbo wa haraka, ule wa ngoma.

"Mwanangu, niliona kwa macho yangu," akasema kwa upole.

Nami, jitu zima lenye mvi, nikafungua kinywa changu. "Wallahi, mzee, nilikuwa safu ya mbele. Halikutokea."

Kwetu mtu akishaapa, maneno yamekwisha. Ukiendelea kubisha ni kama umemwita mwenzako mwongo mbele ya Mola wake. Mzee akanitazama kidogo, akasema, "Basi nitakuwa nimechanganya. Umri huu." Watu wakamtania, "Mzee, hebu tukumbushe, presha umeshapima au bado?" Wakacheka. Nami nikacheka nao, na kicheko hicho kinaniuma kuliko kiapo chenyewe.

Hakuja tena. Miezi minne ikapita, nami nikajidanganya kwamba siku hizi anapima presha hukohuko kwao.

Kisha mwalimu akaja na simu yake. Rafiki yake wa Bara alikuwa amemtumia video ya onyesho lile la kwanza. Wimbo wa taratibu, fidla, uzi ukaruka, kijana akatikisa kichwa na kuendelea. Mwalimu hakunitukana. Aliuliza tu, "Wewe safu ya mbele ulikaa upande gani?" Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika mwisho. Nikamwomba anitumie ile video.

Kesho yake nikaenda Mtambile. Mzee alikuwa amekonda. Alinikaribisha vizuri, mkewe akaingia kunitilia chai. Nikamuuliza mbona haonekani.

"Kichwa changu si cha kukiamini tena," akasema. "Kitu nakikumbuka waziwazi, kumbe hakikuwepo. Mama watoto asema nilimhadithia ule uzi siku ileile, pale kitandani kwake hospitali. Lakini yeye ananionea huruma, atasema lolote. Sasa hata nikikumbuka nimeswali, namuuliza kwanza."

Nikampa simu. Woga wangu ulitaka video iseme badala yangu. Akaitazama mpaka uzi ulipokatika, mpaka mwisho wa wimbo, akanirudishia.

"Hii itakuwa siku nyengine, mwanangu. Wewe uliapa."

Sikuwa na pa kujificha tena. "Mzee, sikuwepo," nikasema. "Siku ile sikutoka hapa Pemba. Niliapa uongo."

Alisugua goti kwa kiganja. Kisha akaita ndani, "Mama watoto, njoo umsikie huyu. Akili yangu nzima."

Mkewe akatoka na kikombe, akakiweka mbele yangu.

"Rudia," mzee akaniambia.

Nikarudia, tangu samaki mpaka kiapo. Bibi yule alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akainama, akakichukua kikombe cha chai, akarudi nacho ndani.