Mfupa wa Mshona Mapazia

Mshona mapazia hakuwa mtu wa nusunusu. Ukimwambia punguza, yeye huacha kabisa. Ndivyo alivyoachana na soda, na ndivyo alivyoachana na mume wa kwanza.

Uzeeni aliteleza bafuni, akavunjika paja. Madaktari walimpasua wakamtia chuma, wakamwonya kwamba sukari yake iko juu, aipunguze, la sivyo mfupa ungechelewa kuunga. Akaitikia. Tangu siku ile akawa anakula kama ndege: chai kavu, kipande cha tango, basi.

Nyumbani alilazwa sebuleni, kando ya dirisha. Mchana kutwa mwanga ulipenya kitambaa chepesi alichokishona mwenyewe, ukatandaa juu ya shuka kama maziwa yaliyotiwa maji. Sauti za barabarani zilimfikia kutoka mbali, zikageuka cherehani, cherehani ikageuka mvua, na marehemu mama yake akapita mlangoni amebeba beseni, kimya. Hakusikia njaa. Alijiona mwepesi, akadhani huko ndiko kupona.

Mumewe wa pili, mpaka rangi mstaafu, mtu wa mizaha, alianza kuingiwa na wasiwasi. Alimwambia akizidi kukonda atamkunja amtie kabatini pamoja na mapazia. Mke akacheka, akalala tena.

Siku ya kliniki, picha ilionyesha ufa uko palepale. Daktari akauliza anakula nini. Mgonjwa akajibu kwa fahari.

Daktari akaiweka picha mezani. "Mama, nilisema upunguze sukari. Sikusema ufe njaa. Huo mfupa utajijenga kwa kitu gani?"

Walipofika nyumbani, mume akaingia jikoni, akatoka na mayai na maharage, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Kula, mke wangu. Sijawahi kupaka rangi ukuta usio na matofali."

Alikula kwa machozi, baadaye kwa uvivu, mwishowe kwa hamu. Kila asubuhi mume alimtoboa kidole kupima sukari, na daktari akawa anarekebisha dawa. Taratibu, mama mwenye beseni akaacha kupita. Maumivu yakarudi, nguvu zikafuata. Mfupa ukaunga, ingawa alibaki akichechemea.

Asubuhi moja alijikongoja na fimbo hadi kwenye kona ya barabara, mume akimfuata nyuma kama mpita njia, maana mke alimkataza kumshika. Akasimama, akafumba macho, jua likimgusa usoni. Mume akamuuliza kama amechoka.

"Nina njaa," akasema, na wakageuka nyumbani polepole.