Maharagwe Nyuma ya Molekuli

Jamani, acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, maana mimi ndiye yule mwalimu wa kemia aliyemwonyesha mama mkwe wake ukutani, mkubwa kama mlango wa kanisa, akila.

Ilikuwa wakati wa vita. Mama mkwe (huku tunasema bokilo) alikuwa amekimbia kutoka Djugu, akafika kwetu Rwambuzi na kitenge kimoja mwilini, na sisi nyumba yetu ni chumba na sebule tu, basi tukamtundikia pazia kwenye kona ya sebule. Kwao bokilo haruhusiwi kula chini ya paa la mkwewe. Kila sahani ilirudi kama ilivyokwenda, "nimeshiba", na mke wangu akawa analia kimyakimya akisema mama aliponea huko, sasa atakuja kufia kwetu kwa njaa na huzuni.

Mimi nami nilikuwa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, mtihani wa serikali unakaribia, maabara imeporwa mpaka fremu za madirisha. Nikasema nitawatengenezea picha zinazotembea: viazi viwili ni oksijeni, ndimu nne ni hidrojeni, njiti za kiberiti zinaviunganisha, unapiga picha, unasogeza kidogo, unapiga tena, mpaka maji yanazaliwa mbele ya macho yako. Kamera niliazima kwa rafiki anayepiga picha za harusi.

"Papa Neema, weka ata kitenge nyuma," mke wangu akaniambia. "Mu hii nyumba muko vitu mingi."

Nikamjibu, kwa kiburi changu cha msomi, kwamba kitenge chake kina maua, yatawavuruga wanafunzi, mimi nataka waone kitu kimoja tu. (Kitu kimoja!) Nikashinda asubuhi nzima pale sebuleni nimeinamia ndimu zangu, na kwa kuwa petroli ya jenereta ilikuwa ya shida, filamu yenyewe sikuijaribu.

Siku ya kuonyesha, darasa limejaa, wazazi wapo, prefe, yaani mkuu wa shule, yupo, bokilo naye kaletwa na binti yake apate hewa. Ukutani viazi vikaachana vizuri, ndimu zikaanza kusogea, mara kule nyuma pazia likafunguka. Kichwa cha mama. Kikatazama kushoto, kikatazama kulia, kisha mama mzima, kwa kurukaruka kama ndimu zenyewe, mpaka kwenye sufuria ya maharagwe ya mke wangu, mwiko mdomoni, mwiko kwenye sufuria, mwiko mdomoni. Waliokimbia vita wanajua kutembea bila sauti, asubuhi ile sikusikia kitu. Maji yakazaliwa, hakuna aliyeyaona.

"Prof," mwanafunzi mmoja akauliza, "na maharagi, iko ngambo gani ya équation?"

Watu wakavunjika mbavu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kumwona bokilo akila ni aibu, sembuse kumwonyesha kwa prefe! Lakini mke wangu alikuwa amesimama, machozi yanamtiririka, anapiga makofi: "Mama iko nakula! Yesu, mama iko nakula!"

Jioni, sauti ikatoka nyuma ya pazia, ikipitia kwa binti yake kama adabu inavyotaka, ingawa nilikuwa nimekaa palepale: "Ambia bwana yako, siku ingine akamate hii pazia yangu, aweke nyuma. Na weye, maharagi yako ilikosa chumvi."

Tangu siku ile sipigi picha hata ya ndimu moja bila pazia nyuma. Na nikirudi nyumbani nakohoa kwanza mlangoni, mama apate nafasi ya kumeza.